Siku Tisa Bila Jua

Jumapili, 8 Machi 2026

Gari limefika! Trekta la kubeba majani chai ndilo lililolivuta kutoka Kericho, na Kapsoit nzima ilisimama kutazama kana kwamba ni harusi. Nissan ya abiria kumi na wanne, mstari wa njano bado uko ubavuni, mlango wa pembeni haufungi mpaka uupige teke. Nimeliegesha nyuma ya nyumba, karibu na choo. Limekanyaga mistari miwili ya sukuma wiki ya mke wangu, Nyabate. Ameona. Ameingia jikoni.

Kinyozini wamenichokoza mchana kutwa. Masese sasa ni mzungu! Masese atalala porini na watalii! Nimewaambia ndiyo — nina miaka sitini na moja, nimenyoa vichwa vya hapa tangu nikiwa kijana, sasa nataka kuona nchi. Kitanda nyuma, jiko dogo, kiti changu cha kunyolea mbele. Nikifika mahali naegesha, nanyoa, nakula, naenda zangu. Wakacheka. Nami nikacheka.

Uongo huo umekaa vizuri mdomoni. Ukweli niuandike hapa, kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Mwaka ujao, Agosti, ni uchaguzi. Nataka nyumba ambayo naweza kuiwasha na kuondoka nayo. Mwaka wa 2008, vita vya baada ya kura, niliiacha moja papa hapa, na niliporudi nilikuta majivu na choo. Choo hawakukichoma, sijui kwa nini.

Na nataka iwe na stima yake yenyewe. Hilo ndilo kubwa. Bila stima gari ni sanduku tu.

Jumatano, 11 Machi

Viti vimetoka. Vinne nimevipanga barazani pa kinyozi na wateja wanagombania kile cha dirishani, ambako sasa hakuna dirisha. Watu hawa!

Jioni nilimwita Kimeli. Nani mwingine ningemuuliza? Miaka thelathini fundi wa stima kwenye kiwanda cha chai, sasa anauza sola pale steji, na ua wake na wangu ni mmoja. Nikampa orodha yangu. Mashine ya kunyoa, steriliza ya kuulia viini, taa mbili, redio, simu mbili, pasi, kettle. Kando ya kila kitu wati zake, nilizisoma chini ya kila chombo kwa miwani. Nilijiona profesa.

Akaisoma akatikisa kichwa. "Baba Orina, hapa umeandika wati. Masaa yako wapi?"

Ananiita hivyo bado, kwa jina la mwanangu. Wengine wote waliacha 2008, nadhani kwa huruma, wakarudi kwa Masese. Kimeli hakuacha. Huwa nashukuru, lakini sijawahi kumwambia.

Basi somo ni hili: betri, au petri kama anavyoitamka mwenyewe, haijali chombo kina wati ngapi, inajali kinakula kwa muda gani. Wati mara masaa. Ndiyo njaa ya siku moja. Tukajaza masaa pamoja. Mashine ya kunyoa nikasema kumi. Akaweka penseli chini. "Masaa kumi? Kwani Kapsoit ina vichwa ngapi?" Nikakasirika kidogo. Nikamwambia aje ahesabu. Akasema nihesabu mwenyewe, saa iko kwa simu.

Ijumaa, 13 Machi

Nimehesabu. Kila nikiwasha mashine nabonyeza saa, nikizima nabonyeza tena. Wateja wakadhani nimeanza kutoza kwa dakika! Nilifunga mapema kama kila Ijumaa, ili Sabato isinikute na wembe mkononi. Jumla: saa mbili na dakika arobaini. Miaka yote hii nikimwambia Nyabate nimechoka kwa kazi ya masaa kumi. Kumbe saba na zaidi ni maneno.

Nimeandika masaa matatu. Wati kumi na mbili mara tatu ni thelathini na sita. Steriliza arobaini. Taa mbili hamsini. Redio ishirini na nne. Simu mbili ishirini. Mia moja na sabini.

Kisha pasi. Nyabate lazima apige pasi nguo za kanisa Ijumaa, hilo halina mjadala kwetu. Wati elfu moja, nusu saa — mia tano! Pasi peke yake inameza nyumba yote mara mbili na kubakisha njaa. Kimeli alicheka mpaka akashika mgongo. Akasema tununue pasi ya makaa au tuende mbinguni na mikunjo. Kettle hata hakuihesabu, aliikata tu.

Bochaberi alipiga simu kutoka Eldoret. Anacheka kwamba naendelea kubeba simu mbili na zote mbili huwa juu ya nusu. Ni kweli. Ikishuka chini ya nusu naacha mteja na kichwa upande mmoja naenda kuichomeka. Binti yangu anadhani ni uzee.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua imeanza rasmi. Leo saa nane kamili, kama ina saa ya mkono.

Somo la pili: jua. Karatasi iliyokuja na paneli inasema masaa matano ya jua kwa siku. Kimeli akaniambia karatasi hiyo iliandikiwa watu wa mahali pakavu. Hapa asubuhi kuna ukungu, mchana mawingu, na kile kinachobaki katikati ndicho jua lenye nguvu. Tuhesabu matatu. Na tuongeze robo kwa kile kinachopotea kwenye nyaya na inverta, ile ya kugeuza stima ya betri. Mia na sabini inakuwa karibu mia mbili na kumi na tano. Gawa kwa tatu. Sabini na mbili. Paneli moja ya wati mia inatosha na inabaki!

Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa na hofu tungehitaji paneli mpaka kwenye boneti.

Jumatano, 18 Machi

Nilimwonyesha Nyabate hesabu. Nilikosea wakati, alikuwa anapalilia ile sukuma iliyobaki.

Yeye alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia chai, alipima magunia ya watu miaka kumi na minne, na hesabu haimshindi. Aliangalia karatasi mara moja tu. Akasema: "Toa pasi. Toa taa moja. Toa simu moja. Hiyo ni hesabu ya mtu mmoja."

Nikamuuliza mtu gani. Akaniambia wewe.

Hakupandisha sauti. Alisema amekimbia mara moja na inamtosha. Alisema mtoto wake alimzika akitoka mbio, viatu vya kuazima miguuni, na hatatoka tena kwenye ua huu mpaka abebwe. Wakija watamkuta anapalilia. Kisha akaniuliza kama nitasogeza gari ile sukuma ipate nafasi.

Nimelisogeza. Na usiku — hapana, ilikuwa jioni tu — nimetoa vitu vyake nione. Mia na thelathini na tano. Kila kitu kimekuwa chepesi. Sijawahi kuchukia jibu namna hii.

Jumapili, 22 Machi

Siku mbaya. Niandike polepole.

Kimeli alitoka kanisani akaja moja kwa moja na chupa ya chai. Tukakaa ndani ya gari, mlango wazi, mvua nje. Nilimpa hesabu ya watu wawili. Sikumwambia kwamba Nyabate amejitoa. Akasema sasa imebaki betri, na betri ina swali moja tu: "Unataka ikae siku ngapi bila jua?"

Nikajibu papo hapo. Tisa.

Akacheka. Watu huweka mbili, alisema. Waoga sana huweka tatu. Nikamwambia tisa. Akahesabu kunionyesha ujinga wangu: mia mbili kumi na tano mara tisa, mara mbili kwa sababu betri haifai kushuka chini ya nusu, gawa kwa volti kumi na mbili. Betri nne kubwa! Kilo thelathini kila moja! "Baba Orina, Kericho hakuna siku tisa bila jua. Hata Aprili. Lazima asubuhi lichungulie. Labda hii gari ikae ndani ya nyumba."

Ningesema chochote! Ningesema nimekosea, niandikie mbili. Badala yake nikaangalia kikombe.

Naye akaacha kucheka. Niliona linavyomfikia. Akatazama paneli mpya, akatazama pazia jeusi nililonunua la madirisha, akatazama kalenda ya kanisa niliyobandika, ya mpaka Desemba mwaka ujao. Akauliza kwa sauti ndogo, gari inaenda kufichwa wapi siku tisa?

Nikamwambia sijui bado. Ghala lolote. Kwa mtu yeyote atakayefungua.

"Ukikimbia nani?"

Nikamwambia simkimbii yeye, ingawa waliotuchomea 2008 walikuwa wa kabila lake. Nilisema hivyo mara mbili, na mara ya pili ilionekana uongo zaidi kuliko ya kwanza. Akasema: "Ng'ombe yako 2008 nilificha kwa shamba yangu ya chai. Nilikurudishia na ndama." Najua, nikasema. Kimeli, najua. Akasema, "Lakini hii gari ikitoka, itapita mbele ya mlango yangu."

Akamaliza chai yake. Hakuiacha kikombeni, aliimaliza, kwa adabu. Akaenda bila mwavuli.

Jumanne, 24 Machi

Kibanda cha sola kimefungwa jana na leo. Ng'ambo ya ua naona moshi wa jikoni kwake, kwa hiyo yupo.

Nimenyoa watu kumi na mmoja. Mmoja wao kwake kuna kioo kikubwa chenye ufa kwenye kona ya chini. Nilikiona mwaka wa 2010 nilipoenda kumnyoa baba yake mgonjwa. Ni kioo changu cha kinyozini, kilichoporwa 2008. Nimemnyoa huyu mtu miaka kumi na sita baada ya hapo, namgeuza kichwa hivi na hivi, namuuliza habari za watoto. Si mtu mbaya. Labda alikiokota tu. Sijawahi kumwambia Kimeli habari hii, wala Nyabate.

Alhamisi, 26 Machi

Kimeli amerudi!

Alikuja asubuhi akasimama mlangoni pa kinyozi mpaka mteja akatoka. Nilidhani anataka kunyolewa. Akakaa kwenye kiti, akaniangalia kupitia kioo. Akaniuliza kwa nini tisa. Si nane, si kumi. Alikuwa amefikiria siku nne na hakupata jibu.

Nikamwambia. Sijui kwa nini sikuwahi kumwambia, na tumekunywa chai pamoja maisha yetu yote. Tulijifungia kwenye ghala la kanisa, mimi na Nyabate na Bochaberi akiwa bado mdogo, na wengine kama ishirini na watano. Mlango umefungwa kwa ndani. Hakuna stima, hakuna dirisha. Simu yangu ilikuwa Nokia ya tochi. Nilitumia hiyo tochi. Mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga, nilimulika abadilishe nguo, nilimulika watu wapate mahali pa kulala. Siku ya pili jioni ikazima. Na Orina alikuwa chuoni Nakuru, anapiga. Rafiki yake wa chumbani alituambia baadaye. Alipiga asubuhi, mchana, jioni, na kila mara yule mwanamke wa mashine anamwambia mteja hapatikani. Siku ya nane akamwambia rafiki yake, nadhani wamekufa, naenda kuwatafuta. Sisi tulitoka siku ya tisa. Wazima. Yeye walikuwa wamemteremsha kwenye kizuizi barabarani kabla ya kufika Kericho.

Kimeli alijua Orina alifia barabarani. Hakujua alikuwa anatutafuta sisi.

Alishika uso wake kwa mikono miwili. Kisha — na hii ndiyo tabia yake, hawezi kufariji mtu bila penseli — akaomba kitabu. Alitaka kunipunguzia mzigo. Alisema, kama hofu ni simu, sahau redio, sahau taa, sahau gari nzima. Simu ya kabambe, hii ndogo ya vitufe. Wati tano, saa moja kwa siku. Mara tisa. Arobaini na tano. Mara mbili, tisini. Gawa kumi na mbili. Saba na nusu. "Ona sasa, Baba Orina! Hii ni petri ya pikipiki tu! Ile ndogo. Unaweka chini ya kitanda, unalala." Akaandika kwa herufi kubwa, akapigia mstari. BETRI YA PIKIPIKI.

Alikuwa anatabasamu, macho yamelowa. Nikamshukuru. Nikamnyoa bure.

Ijumaa, 27 Machi

Kulikuwa na pikipiki.

Sikukumbuka jana. Leo saa kumi alfajiri nimekaa kitandani ghafla kama mtu aliyesukumwa. Ndani ya ghala kulikuwa na pikipiki ya Mchungaji Sagini. Aliiingiza siku ya kwanza isichomwe. Nyekundu. Nyabate aliegemea hiyo pikipiki siku zote tisa, alitundika leso yake kwenye usukani.

Na ilikuwa na betri nzima! Najua ilikuwa nzima kwa sababu honi ililia. Siku ya kwanza ileile, Nyabate alipokuwa anatundika leso, mkono ukagusa honi, ikalia kwa nguvu na sote tukaganda. Mtoto mchanga akanyamaza hata yeye. Nyabate akalia kwa aibu. Mchungaji akafunika usukani kwa gunia na kusema asiiguse mtu. Na kweli hakuna aliyeigusa. Tuliiogopa kama mbwa mkali. Watu ishirini na wanane tumekaa na kelele ile siku tisa na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba kinachopiga kelele ni stima.

Mimi! Kinyozi! Kabla stima haijafika kinyozini kwangu, mashine yangu ilikuwa inakula betri ya gari. Simu za nusu ya Kapsoit nilizichaji mimi kwa betri hiyo. Waya mbili, chaja ya gari nimeikata kichwa, nimeunganisha kwa meno. Mfukoni mwa koti langu, katika ghala lile, kulikuwa na chaja ileile. Nakumbuka ikinichoma ubavu nikilala.

Saba na nusu.

Nimechana ukurasa wa Kimeli. Nimeutia jikoni, ukaungua mara moja. Nyabate akauliza nachoma nini. Nikasema risiti.

Jumamosi, 28 Machi

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nyabate aliimba vizuri leo, sauti yake bado ni ya msichana. Miaka kumi na minane amejiambia hakukuwa na njia. Nilimsikia akimwambia Bochaberi siku moja: tulikuwa gizani, mama, hatukuwa na njia. Analala kwa sababu ya maneno hayo. Nami nililala.

Hatakuja kujua kwangu. Niandike nilione: hatakuja kujua kwangu.

Jumatano, 1 Aprili

Kimeli amefunga paneli juu ya gari. Amepanda mwenyewe, na magoti yale! Anafanya kazi kwa furaha sana, anadhani amenisaidia. Kila nikimtazama nataka kumpiga na kumkumbatia. Hana kosa lolote. Alihesabu tu.

Sijafungua kinyozi tangu Jumapili. Nimesema mgongo.

Ijumaa, 3 Aprili

Nyabate alinikuta ndani ya gari. Nilikuwa nimefunga pazia jeusi nione giza likoje. Nadhani nilikuwa nalia kwa sauti, maana aliniambia alinisikia kutoka kwenye kamba ya nguo.

Aliingia, akaupiga mlango teke mpaka ukafunga. Akakaa kando yangu gizani. Hatukuwa tumekaa hivyo tangu ghala. Baadaye sana akasema ameona hili gari si la safari na si la uchaguzi. Akasema yeye alidhani ni kiburi changu, kumbe ni kidonda. Akasema, "Basi niandike tena. Nirudishe kwa hesabu. Mahali utakapokaa na giza lako nami nitakaa."

Mke wangu! Maneno ambayo nimeyangoja tangu gari lifike, na nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 5 Aprili

Kwa Kimeli leo ni Pasaka, ngoma za kanisa lao zinasikika tangu asubuhi. Saa nane mvua ikapiga bati, ngoma zikapotea.

Nyabate alivuta stuli mezani, akachukua kitabu na penseli. Amesema hesabu anataka kuifanya mwenyewe, yeye si gunia la kupimwa na watu wengine. Alikuwa na moyo mkunjufu! Amevaa sweta langu. Amefungua kitabu, akapitisha kidole katikati, akauliza mbona kuna karatasi imechanwa. Nikasema ilikuwa na makosa.

Nikamwambia tuanze na taa. Akasema hapana. "Simu. Tusidanganyane, Baba. Hii gari ni ya simu."

Nikamwambia simu ni kidogo mno, tuanze na pasi, tuitafutie makaa. Akacheka. Akaichukua simu yake, akaniuliza inakula ngapi. Akageuza chaja, akasoma mwenyewe chini. Tano. Kwa saa ngapi? Nikasema sijui. Akasema tuseme saa moja. Kisha akasema, siku tisa, ndiyo? Wewe uliweka tisa. Kimeli ameniambia. Hesabu yake haikuhitaji karatasi lakini aliandika, vizuri, namba za karani. Arobaini na tano. Kimeli alimwambia pia kwamba huzidishwa mbili. Tisini. Na kwamba hugawiwa kumi na mbili. Kumbe walikaa uani jana jioni, anamfundisha, na mimi nimelala na mgongo wangu.

Nikasimama. Nikasema naenda kutafuta miwani.

Niko chumbani. Miwani iko usoni. Naandika kwenye goti.

Amesema kutoka sebuleni: saba na nusu. Amesema ni kidogo ajabu. Ameuliza, Baba, hiyo ya saba na nusu ni betri ya nini? Ya gari? Nimesema subiri. Ameuliza tena. Ya nini, ni ndogo hivi, ni ya nini? Nimesema subiri, natafuta miwani. Nimesikia stuli ikisogea. Nimesikia akizitaja mwenyewe moja moja, ya gari, ya trekta, ya tochi, ya

Ameacha kuuliza.